Kurejesha mchoro kutoka kwenye msimbo wa mashine

Kurejesha mchoro ni kifungu kinachotumika katika ufundi wa mitambo kutaja kazi ya kupata faili la mchoro wa kifaa kutokana na msimbo ambao mashine iliutumia kukichonga kifaa hicho. Kazi hii huhitajika pale ambapo mchoro wa asili umepotea, haukuwahi kukabidhiwa, au umebaki kwa mtengenezaji aliye mbali, ilhali msimbo bado umehifadhiwa katika mashine au katika kompyuta ya karakana. Kifungu chenyewe ni chepesi kueleweka, lakini kitenzi chake hubeba ahadi kubwa kuliko kazi inavyoweza kutimiza. Msimbo hauhifadhi umbo la kifaa. Huhifadhi mwendo wa kikatio kilichokichonga. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, istilahi zake, na vitenzi vinavyofaa kutumiwa na mfasiri, mwalimu na mwanafunzi.

Kazi hii inapohitajika

Umuhimu wa suala hili huonekana vizuri katika ukanda wa korosho wa kusini mwa Tanzania. Lupaso, kijiji cha wilaya ya Masasi alikozaliwa Benjamin William Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020, kimo katika eneo linalotegemea sana zao hilo, sawa na Newala, mji ulio kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde. Baada ya uhuru Tanzania ilijenga viwanda kadhaa vya kubangua korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala, kwa mitambo iliyoagizwa kutoka nje, hasa Italia na Japani. Vingi kati ya viwanda hivyo vilisimama katika miaka ya 1980 mavuno yalipopungua, na baadaye vikabinafsishwa. Sehemu ya ubanguaji hufanywa pia na vikundi vidogo vyenye mashine za mkono.

Mashine inapobadili mikono, nyaraka zake hazisafiri nayo kila mara. Kipuri kikivunjika, fundi huwa na njia tatu: kuagiza kingine kutoka kwa mtengenezaji, kupima kilichovunjika na kuchonga mfano wake, au kutafuta msimbo uliowahi kutumika kukichonga. Njia ya tatu ndiyo inayozaa maneno yanayojadiliwa hapa, na maneno hayo huishia katika barua, mikataba ya kazi na vitabu vya mafunzo ya ufundi stadi.

Maneno ya msingi

mchoro *nm mi- [u-/i-]* Umbo la kitu lililowekwa kwa mistari juu ya karatasi au kioo cha kompyuta, aghalabu pamoja na vipimo vyake. Hutokana na kitenzi *-chora*. Katika ujenzi watu wengi husema *ramani*, kama katika "ramani ya nyumba". Kwa kipuri cha mashine neno linalofaa ni *mchoro*, kwa kuwa *ramani* huelekeza fikra kwenye nyumba, kiwanja au nchi. Mchoro uliotengenezwa kwa programu ya usanifu wa kompyuta huitwa *mchoro wa CAD*, na faili lake *faili la mchoro*.

msimbo *nm mi- [u-/i-]* Mfuatano wa herufi, namba au alama unaobeba maelezo au amri kwa utaratibu uliokubaliwa. *Msimbo wa G* ni msimbo wa amri za mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta kwa namba. Tahadhari: matamshi ya neno la Kiingereza yamewafanya baadhi ya waandishi waandike *kodi*. Katika Kiswahili *kodi* ni ushuru au malipo ya pango, na "kodi ya mashine" itasomwa kuwa fedha inayodaiwa na mamlaka ya mapato.

-simbua *kt* Kusoma msimbo na kuziweka wazi amri au maana zilizomo.

-chonga *kt* Kukata mti, jiwe au chuma kidogo kidogo hadi umbo linalokusudiwa lipatikane. Kutokana nacho hupatikana *mchongaji*, *uchongaji* na *mchongo*. Katika maandishi rasmi *mchongo* litumike kwa uangalifu, kwa sababu katika lugha ya mitaani lina maana ya dili au nafasi ya kujipatia fedha. Vilevile *-chongea* lina maana mbili: kumchongea mtu kitu, yaani kuchonga kwa ajili yake, na kumchongea mtu kwa wakubwa, yaani kumsemea vibaya. Sentensi "Fundi alimchongea mwenye kiwanda" haijitoshelezi. Iandikwe "Fundi alimchongea mwenye kiwanda kipuri kipya".

-kereza *kt* Kuchonga kitu kwa kukizungusha huku ncha ya kukatia ikikigusa. Mti wa kitanda hukerezwa, na shafti ya chuma hukerezwa. Mwanafunzi asidhani kwamba ufundi wa chuma hauna neno lake katika Kiswahili. Neno hili ni la zamani na mafundi wanaendelea kulitumia wanapozungumzia *kukereza vyuma*.

kikatio *nm vi- [ki-/vi-]* Kifaa chenye makali kinachofungwa kwenye mashine ili kikate. Katika mashine nyingi za CNC, isipokuwa zile za kukereza, kikatio huzunguka na huwa na kipenyo chake. Kipenyo hicho ndicho kiini cha matatizo mengi ya kurejesha mchoro.

Jinsi msimbo unavyotokana na mchoro

Wazo la kuiongoza mashine kwa namba lilikuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 na John T. Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Mpindo wa panga uligeuzwa kuwa orodha ya nukta, na mashine ikapelekwa kutoka nukta hadi nukta. Chuo cha MIT kilionyesha mashine ya namna hiyo mwaka 1952. Tangu mwanzo, kwa hiyo, kilichowekwa katika namba ni safari ya kikatio, wala si picha ya kifaa. Baadaye amri hizo ziliwekewa viwango, kikiwemo kiwango cha kimataifa cha ISO 6983, ingawa kila mtengenezaji wa mashine huongeza amri zake.

Siku hizi mfuatano wa kazi huwa na hatua tatu. Msanifu huchora kifaa katika programu ya CAD. Kisha programu nyingine huchagua kikatio, kina cha kukata na njia ya kupita. Mwisho, njia hiyo huandikwa katika msimbo unaoeleweka na mashine husika. Katika kila hatua jambo fulani huongezwa na jambo fulani huachwa. Kurejesha mchoro ni kujaribu kuzipanda hatua hizo kutoka chini kwenda juu, na anayepanda hukuta baadhi ya vidato havipo.

Mfano: bamba la chuma

Chukulia kwamba kikundi cha wabanguaji wa Lupaso kina mashine ndogo ya korosho, na kwamba bamba moja la chuma katika mashine hiyo limevunjika na kutupwa. Mchoro haupo, kilichobaki ni faili la msimbo lenye mistari ifuatayo:

G21 G90
T1 M06
S1200 M03
G00 Z10
G00 X-5 Y-5
G01 Z-3 F100
G01 X105
G01 Y65
G01 X-5
G01 Y-5
G00 Z10
M30

G21 hueleza kuwa vipimo ni vya milimita, na G90 kuwa kila nukta hupimwa kutoka sehemu moja ya kuanzia. T1 M06 huamuru kikatio namba 1 kifungwe. S1200 M03 huwasha mzunguko wa kikatio kwa kasi ya mizunguko 1200 kwa dakika. G00 ni mwendo wa haraka bila kukata, na G01 ni mwendo wa kukata katika mstari mnyoofu. X, Y na Z ni mihimili mitatu ya mwendo, na F ni kasi ya kusogea. M30 humaliza kazi.

Ukichorwa kama ulivyo, mwendo huu ni mstatili wenye urefu wa milimita 110 na upana wa milimita 70. Programu nyingi za kugeuza faili zitatoa mstatili huo bila kusita. Lakini mstatili huo ni njia ya katikati ya kikatio. Ukingo wa bamba uko pengine. Iwapo kikatio namba 1 kina kipenyo cha milimita 10, makali yake hukata milimita 5 kila upande wa njia. Ikiwa kilizunguka nje ya bamba, bamba lililobaki lina urefu wa milimita 100 na upana wa milimita 60. Ikiwa kilikuwa kikikata nafasi ndani ya bamba kubwa zaidi, nafasi hiyo ina urefu wa milimita 120 na upana wa milimita 80, na pembe zake zimeviringika.

Msimbo mmoja, basi, umetoa majibu matatu: 110 kwa 70, 100 kwa 60, na 120 kwa 80. La kwanza si kipimo cha kitu chochote kilichopo. Kati ya mengine mawili, msimbo peke yake hauwezi kuamua. Hautaji kipenyo cha kikatio, kwani T1 ni namba tu na kipenyo chake kimeandikwa katika jedwali lililo ndani ya mashine. Wala hausemi ni upande upi wa njia ulikuwa kifaa na upi ulikuwa taka. Jibu hupatikana kwa kulisoma jedwali la vikatio, kumuuliza fundi aliyeiendesha kazi, au kupima mahali bamba lilipokuwa likikaa.

Mambo yasiyorudi

Zaidi ya kipenyo cha kikatio na upande wa kifaa, yapo mambo mengine ambayo hayapatikani katika msimbo au hupatikana yakiwa yamebadilika.

Kwanza ni fidia ya kikatio. Amri za G41 na G42 huiagiza mashine yenyewe isogeze njia kushoto au kulia kulingana na kipenyo cha kikatio, na G40 huondoa agizo hilo. Amri hizo zikiwepo, namba za msimbo huweza kuwa ndizo za ukingo halisi. Msomaji anayezipuuza atatoa fidia mara mbili.

Pili ni vipimo vya kukereza. Katika mashine nyingi za kukereza, namba ya mhimili wa X husomwa kama kipenyo. Anayeichukua X40 kuwa nusu kipenyo atachora shafti ya milimita 80 badala ya 40.

Tatu ni mipindo. G02 na G03 huchora tao, la kwanza kwa mwelekeo wa saa na la pili kinyume chake. Hata hivyo, mpindo usio tao kamili mara nyingi huvunjwa kuwa mamia ya mistari mifupi. Anayerejesha mchoro hupata mistari hiyo. Mpindo aliouchora msanifu haumo tena.

Nne ni nia ya msanifu. Mchoro hueleza kuwa tundu fulani ni la kupokea beringi, kwamba uso fulani lazima uwe laini, na kwamba kipimo fulani kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa kiasi kidogo tu. Msimbo hauna nafasi ya maelezo hayo, isipokuwa mwandishi wake aliyaweka katika mabano kama maoni.

Tano ni hali ya chuma kabla ya kukatwa. Sehemu ambayo kikatio hakikuigusa haimo katika msimbo kabisa, ingawa ni sehemu ya kifaa.

Vitenzi vinne na mipaka yake

Ugumu wa mfasiri unaanzia hapa. Lugha ya matangazo ya programu hutumia kitenzi kimoja kwa kazi nne tofauti, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja.

-geuza hufaa kwa mabadiliko ya faili kutoka aina moja kwenda nyingine: "Programu imegeuza faili la msimbo kuwa faili la DXF." Sentensi hii haidai kuwa kilichopatikana ni sahihi. Inasema tu kuwa aina imebadilika. DXF, iliyotolewa pamoja na AutoCAD mwaka 1982, ni mojawapo ya aina zinazotumika sana kwa michoro bapa.

-simbua hufaa kwa kazi ya kusoma amri moja moja na kueleza mwendo: "Fundi aliusimbua msimbo akagundua kuwa kikatio kilizunguka nje ya bamba."

-chora upya hufaa pale ambapo mtu ametumia msimbo, vipimo vya kifaa na uamuzi wake kutengeneza mchoro mpya. Mchoro huo ni wake, naye anabeba dhamana yake.

-rejesha, pamoja na *-rudisha*, humaanisha kukifikisha kitu pale kilipotoka au katika hali kiliyokuwa nayo. Kitabu hurejeshwa maktaba, na kinachofika ni kitabu kilekile kilichoondoka. Kwa hiyo *kurejesha mchoro*, likichukuliwa kwa uzito wake, hudai kwamba mchoro uliopatikana ni sawa na ule uliopotea. Dai hilo linaweza kuthibitika ikiwa mchoro wa asili utaonekana au kipuri kizima kitapatikana cha kulinganishwa. Bila uthibitisho wa namna hiyo, kitenzi kimesema zaidi ya kazi.

Mwanafunzi wa sarufi anaweza kuuliza kwa nini kauli ya kutendua isitumike. Kauli hiyo hupatikana katika *-funga* na *-fungua*, *-kunja* na *-kunjua*, *-fuma* na *-fumua*. Vitenzi *-chora* na *-chonga* havina kauli hiyo. *-chongoa* lina sura yake, lakini maana yake ni kukifanya kitu kiwe na ncha, kama kijiti au mlima uliochongoka. Hata pale kauli ya kutendua ipo, hutengua tendo bila kurudisha wazo lililolitangulia: anayefumua kitambaa hupata nyuzi, hapati ruwaza iliyokuwa kichwani mwa mfumaji.

Uchongaji usiotanguliwa na mchoro

Mazingira ya uwanda wa Makonde yanatoa tahadhari nyingine ya matumizi. Mchongaji wa vinyago kwa kawaida huanza na gogo la mpingo lenyewe, akilifuata umbo lake kwa tezo, patasi na tupa. Hakuna mchoro uliotangulia, hivyo hakuna mchoro wa kurejeshwa. Anayepima kinyago na kukiweka katika faili la CAD *amekichora*, hajarejesha chochote. Ndivyo inavyosemwa pia kuhusu George Lilanga (1934–2005), msanii wa Kimakonde aliyeanza kwa uchongaji kabla ya kufahamika kwa picha zake za mashetani: aliyahamisha maumbo kutoka kwenye mti hadi kwenye ubao wa picha kwa kuyachora. Kanuni ni kwamba *-rejesha mchoro* litumike tu pale ambapo mchoro uliwahi kuwapo.

Makosa ya kawaida na masahihisho

*Si vyema:* "Karakana itarejesha mchoro wa bamba kutoka kwenye kodi ya mashine."
*Afadhali:* "Karakana itachora upya bamba kwa kutumia msimbo wa mashine, na itathibitisha vipimo kwa kulipima eneo la bamba hilo katika mashine."

*Si vyema:* "Msimbo unaonyesha kuwa bamba lina urefu wa milimita 110."
*Afadhali:* "Msimbo unaonyesha kuwa njia ya kikatio ina urefu wa milimita 110."

*Si vyema:* "Programu ilitafsiri mchongo kuwa ramani."
*Afadhali:* "Programu iligeuza msimbo wa uchongaji kuwa faili la mchoro."

*Si vyema:* "Mchoro uliorejeshwa ni sahihi kwa sababu umetoka kwenye mashine."
*Afadhali:* "Mchoro uliochorwa upya umelinganishwa na kipuri kizima, na vipimo vimekubaliana."

Katika mkataba tofauti hizi hugeuka kuwa fedha. Karakana iliyoahidi *kurejesha* mchoro inaweza kudaiwa mchoro uleule wa mtengenezaji, ambao haina namna ya kuupata. Karakana iliyoahidi *kugeuza faili* imetimiza ahadi yake hata ikikabidhi mstatili wa milimita 110 kwa 70 ambao hauingii popote. Hasara katika hali ya kwanza ni ya fundi, na katika hali ya pili ni ya mwenye mashine, ambaye chuma chake kimekatwa na msimu wa korosho unapita. *Kuchora upya na kuthibitisha vipimo* ndiko kunakomwajibisha kila upande kwa kile unachokiweza, na ndiko mfasiri anakopaswa kupendekeza pale ambapo matini chanzi haijabainisha.